Wa Mwisho Ni Nani?

Mwihaki ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukichota maji bomba moja hapa Kitale, kabla ploti yetu ya mabati haijabomolewa na gorofa kujengwa juu yake. Mtoto wake Dancan alimkodishia chumba humo humo, akamtania, "Mama, sasa utasahau mtungi!"

Jioni moja alikuwa ametoka kuanua nguo huko juu ya paa, stima ikapotea. Akashuka ngazi akipapasa ukuta. Mlango wa chini ulikuwa umefungwa. Akapanda tena, na ule wa juu aliotokea ukakataa kufunguka. Akaita, "Dancan! Weh, Dancan!"

Halafu akasikia mtungi ukiburutwa kwenye simiti, krrr. Na mwingine, krrr. Nyuma yake sauti ikauliza, "Wa mwisho ni nani?"

Ndivyo tulivyoulizana pale bombani, na wa mwisho lazima aitike, ili anayefika ajue atasimama nyuma ya nani. Mwihaki aliijua ile sauti, na mdomo ukamtangulia: "Ni mimi Mwihaki, Mama Zahid."

Ndipo akakumbuka kwamba Mama Zahid tulimzika kitambo.

Stima iliporudi, ngazi zilikuwa tupu na milango iko wazi. Lakini tangu hapo, kila jioni anasikia mitungi ikiburutwa mbele yake chumbani, na kila jioni unapungua mmoja.

Jana alinipigia simu akinong'ona. "Mbele yangu hakuna mtu tena. Na huu mlango umekataa kufunguka."

Nikasikia maji yakianza kuanguka ndani ya mtungi mtupu. Kisha Mama Zahid, na kile kicheko chake cha zamani: "Si usonge, Mwihaki. Watu tunangoja."