Mkaa Uliooshwa kwa Mursik

Karibu na Kapkatet, Kipkemoi na mkewe Janeffer walichuma chai kila asubuhi. Majani magumu yaliyokataliwa kwenye kituo cha kununulia waliyaloweka katika maji ya moto. Maji hayo waliyapitisha kwenye mkaa, wakapata kafeini safi. Mnunuzi mmoja wa kafeini aliahidi mkataba iwapo njia yao ingepata hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kuitumia bila idhini. Kwa kumwamini, waling'oa nusu ya chai yao, wakajenga banda.

Ombi lao lilikataliwa na ofisi ya hataza, Nairobi. Kuloweka kunajulikana, mkaa unajulikana, kuviunganisha ni jambo la wazi kwa mtaalamu.

"Lakini hakuna aliyewahi kuviunganisha!" Kipkemoi alimlalamikia jirani yao, Mwalimu Nyamwange, mkemia anayewasaidia wavumbuzi kuandika maombi ya hataza.

"Hilo halitoshi. Ukiunganisha vitu viwili vya zamani, na kila kimoja kikafanya kazi yake ile ile, hujavumbua. Swali ni hili: mtaalamu wa kawaida angekuwa na sababu ya kuviunganisha, na angetarajia matokeo hayo?" Aliipitia tena nakala ya ombi. "Ila mkaa humeza kafeini pamoja na uchafu. Wenu hauimezi. Kwa nini?"

Kipkemoi alitazama chini. Janeffer ndiye aliyejibu. "Mama mkwe huuosha kwanza kwa maji ya mursik, maziwa yetu ya kibuyu."

"Na hamkuandika?"

"Niandikie watu wa Nairobi habari ya maziwa ya kuganda?" Kipkemoi alisema. "Wangenicheka, Mwalimu."

"Sasa wamekukataa bila kucheka. Uvumbuzi ni huo uliouficha! Mtaalamu angeuogopa mkaa; mama yako ameufanya uiache kafeini."

"Basi tuongeze."

"Ombi lile haliongezwi jambo jipya. Tuandike lingine, tuonyeshe majaribio ya mkaa uliooshwa na usiooshwa. Na mama atajwe kuwa mvumbuzi."

Mama yake Kipkemoi, Cherotich, alikuwa amelazwa hospitalini Longisa. Alieleza kila hatua kwa sauti iliyokatikakatika.

"Ulinionea haya, Kipkemoi?" aliuliza mwishoni.

Kipkemoi aliliandika jina la mama yake kwenye ombi jipya.

Hataza ilipotolewa, Cherotich alikuwa amekwisha kuzikwa. Mnunuzi alikuja kutia sahihi. Alisoma jina la mvumbuzi kwenye cheti, akaomba kuonana naye.

Kipkemoi alimpeleka nyuma ya banda, kwenye kaburi lililoanza kuota nyasi.

"Ni huyu," alisema. "Mimi nilikuwa nabeba maji tu."