Juzuu ya Kumi ya Bi Nam

Jumanne, tarehe 14 Novemba 1972, Bwana Pyo Gil-seop, mwenye duka la kukodisha vitabu katika kichochoro cha Baedari, mjini Incheon, alirudishiwa kitabu kwa kutupiwa kifuani.

"Umenipa nini hiki?" alifoka Bwana Tak, sajini mstaafu. "Kurasa za mwisho zote zimelowa mate! Tena kinanuka dawa!"

"Mate ni yako mwenyewe, sajini. Nani asiyejua kwamba unasoma mdomo wazi?"

Wateja waliokaa sakafuni walicheka. Bwana Pyo naye alicheka, hadi alipofungua kitabu kingine, na kingine tena. Kila kimoja kilikuwa na alama pembeni mwa ukurasa wa mwisho: alama ya kidole gumba kilicholambwa, mbichi, yenye joto bado. Harufu ile pia aliitambua. Ilikuwa ya mizizi michungu iliyochemshwa, harufu ya Bi Nam Ok-rye, fundi cherehani, aliyezikwa mwezi Agosti mwaka uleule kwa maradhi ya mapafu.

Ieleweke kwamba Bwana Pyo alikuwa na sifa kubwa. Alimtazama mteja viatu, kisha akamchagulia kitabu: wenye viatu vya tope aliwapa mapanga na visasi, wasichana wa kiwandani mapenzi yenye machozi, walimu historia, walevi vichekesho. Mwezi Machi Bi Nam alikuwa amesimama mlangoni pake akikohoa.

"Mwenye duka, muda wangu si mwingi," alisema. "Nichagulie kimoja tu, kilicho kizuri mpaka mwisho."

Bwana Pyo hakusita. Alimpa riwaya ya juzuu kumi, habari za ukoo wa wafinyanzi. "Chukua hiki, shangazi. Hutajuta."

Bi Nam alifariki akiwa amemaliza juzuu ya tisa.

"Anautaka mwisho wake," mke wa Bwana Pyo, Bi Eom Hui-sun, alinong'ona jioni ya Jumanne ile wakila. "Baba In-ho, msomee, nakuomba."

"Nimsomee maiti? Hebu kunywa supu yako."

Kabla ya mwezi kwisha, Bi Eom alianza kukohoa. Hakikuwa kikohozi chake. Kilikuwa kile kikavu, cha vipindi vitatu vitatu, ambacho kichochoro kizima kilikifahamu. Kisha sauti ikamkauka, chakula kikamshinda, na mchana kutwa akawa ameketi karibu na jiko la makaa, macho ameyakodolea magoti yake, akilamba kidole gumba na kufunua hewa, akilamba na kufunua, na kila alipofunua ulisikika mlio wa karatasi, ingawa mikononi mwake hamkuwa na kitu, na vitabu rafuni vilifunuka navyo vyenyewe kimoja baada ya kingine hadi nyumba nzima ikawa inachakarika kama majani makavu.

Jumapili, tarehe 3 Desemba, aliitwa mganga. Bibi Cha alifika na kengele zake na upanga wake, akanusa, akakunja uso.

"Pepo aliyempanda huyu hakuja kuua," alisema. "Amekasirika. Kuna kitu aliahidiwa hapa. Nani alimwahidi?"

Majirani waliosongamana mlangoni walimtazama Bwana Pyo.

"Basi msomee, baba. Mkeo hafiki kesho."

Bwana Pyo aliiteremsha juzuu ya kumi. Ilipofunguliwa, mgongo wake ulilia kwa ukakasi, kama mlango ambao haujapata kufunguliwa. Bibi Cha aliusikia mlio huo, akainua nyusi.

Bwana Pyo alisoma. Katika ukurasa wa tatu ukoo wote wa wafinyanzi ulipanda kivuko, mto ukafurika, wote wakafa maji. Kurasa zote zilizobaki zilikuwa mawaidha ya mwandishi juu ya kilimo cha kabichi. Sauti ya Bwana Pyo ilizidi kupungua, na alipofikia neno la mwisho kidole cha mkewe kilikuwa kimesimama hewani.

"Ndio huu?" iliuliza sauti ya Bi Nam, kutoka kinywani mwa Bi Eom.

"Shangazi, mimi—"

"Nilikuwa na miezi mitano. Mitano! Nilikuambia muda wangu si mwingi. Ulikisoma?"

"Watu wengi wanakisifu, shangazi, na jalada lake—"

"Nimekuuliza, ulikisoma?"

Makaa yalizimika yote kwa mpigo, harufu ya mizizi ikawakaba makoo, rafu zikaanza kutetemeka na kumwaga vitabu juu ya kichwa cha Bwana Pyo, huku damu ikimchuruzika mkewe kidevuni kwa kila kikohozi na shingo yake ikipinda nyuma zaidi na zaidi.

"Sema kweli, mjinga wewe!" alipiga kelele Bibi Cha. "Anakata roho!"

"Sikukisoma!" alilia Bwana Pyo. "Sikukisoma hicho, wala hivi vingine! Nikiangalia viatu, nikiangalia jalada, basi!"

Bi Eom alivuta pumzi ndefu, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Hadi alipofariki mwaka 1991, Bibi Cha alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo alimpunga pepo yule kwa kengele na upanga, akatoka, asirudi tena. Kauli hiyo si sahihi. Bi Nam hakutoka, alinyamaza tu. Kwa miaka yote iliyofuata, kila Bwana Pyo alipomnyooshea mteja kitabu ambacho mwenyewe hajakimaliza, mkewe huko jikoni aliacha kukata figili, akalamba kidole gumba, akafunua hewa. Na karatasi ikasikika. Hapo Bwana Pyo alikirudisha kitabu rafuni, akasema kwa sauti ndogo, "Hiki bado."