Nyota Iliyofutwa kwenye Ngao ya Gautier

Jua lilikuwa linazama nilipochukua mshumaa kwenda kanisa dogo la ngome yetu. Asubuhi ile shemeji yangu Gautier alirudi kutoka vitani peke yake. Alisema mume wangu Renier alizama mtoni juzi, yeye na farasi wake. Mwili haukuonekana.

Ngao ya Renier ya pale kanisani, isiyokwenda vitani, watumishi walikwisha kuitundika kichwa chini, kama ya marehemu. Nguruwe mwitu mweusi, nembo ya ukoo, alining'inia miguu juu. Kando yake ilikuwa ngao ya kanisani ya Gautier. Nguruwe yule yule, ila wa Gautier alikuwa na nyota nyeupe mgongoni, kwani mdogo habebi nembo ya ukoo bila alama ya ziada kaka yake akiwa hai.

Nyota haikuwapo. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi.

Nikapiga magoti niombe.

Tone... Tone...

Harufu ya matope ya mto ikanijaa puani. Kuna mtu alisimama nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

"Mahaut." Ilikuwa sauti ya Renier. "Gusa palipokuwa na nyota."

Nikagusa.

Pakavu.

Rangi ile huchukua wiki nzima kukauka. Renier alikufa juzi.

"Aliifuta mapema," nikanong'ona. "Renier, nani mwingine alijua?"

Kisha, karibu kabisa na sikio langu:

"Aliyekoroga rangi... ndiye huyo anayekuja."

Mlango ukalia. Akaingia mama mkwe wangu, Hersent, taa mkononi.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Sakafu tu, imelowa.

"Mama, ulijua?"

Akaitazama ile sakafu kwa muda mrefu.

"Wote wawili niliwazaa mimi," akasema taratibu. "Mmoja tu ndiye aliyenisikiliza. Futa machozi. Gautier atakuoa, utabaki hapa hapa nyumbani."

Mwanamke huyu ndiye aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu.

Ningekwenda wapi? Baba yangu alikufa, na malango yalikuwa ya Gautier. Nikaolewa wakati wa mavuno.

Siku hizi Mama haketi tena akiupa mlango kisogo. Hasemi kwa nini, nami simuulizi. Ila kila asubuhi nikiinama kuubusu mkono wake, naukuta baridi, umelowa, kama kuna mwingine aliyeushika kabla yangu.