Ukali Hauko Kwenye Mbegu

Kalondu alikaa uani kwake Mwala akipasua pilipili zilizoiva. Alitaka mbegu za kupanda. Mwanawe Kioko, mtoto wa miezi minne, akaanza kulia njaa. Kalondu alinawa mikono kwa maji, akapangusa jasho kifuani, akampa ziwa.

Mtoto alinyonya kidogo, akaliachia, akalia kwa uchungu. Midomo ilikuwa myekundu. Kila akipewa ziwa aligeuza uso.

Mama mkwe wake, Munyiva, alitoka jikoni mbio. Akaziona pilipili. Munyiva si mtu wa kuuliza mara mbili. Alijua kuna akina mama wanaopaka pilipili kifuani ili mtoto aache kunyonya.

"Unamwachisha ziwa mtoto ambaye hata hajakaa?" alisema, akimchukua Kioko. "Kwani huna huruma?"

"Hapana, mama. Niliosha mikono. Na mbegu ndizo kali, mimi nilizitoa na kijiko."

Kalondu alilia. Vidole vilimwasha, lakini maneno hayo yalimuuma zaidi.

Jirani yao Farhia, mwenye hoteli sokoni, alisikia kilio akaingia. Yeye husaga pilipili kila siku. Alipoelezwa, alipasua moja, akawaonyesha utando mweupe unaoshika mbegu.

"Ukali unatengenezwa hapa," alisema. "Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana na huu utando. Na huo ukali unashikana na mafuta, si maji. Ukiosha na maji peke yake, unabaki kwa ngozi. Mama Kioko, lete mafuta ya kupika na sabuni."

Kalondu alijipaka mafuta mikononi na kifuani, akayafuta, akaosha kwa sabuni, akasuuza vizuri. Kisha Farhia akamwambia akamue maziwa yake kidogo kwenye kitambaa safi, ampanguse mtoto midomo. Maziwa yana mafuta, kwa hiyo hupunguza kuwasha.

Kilio kilipungua. Munyiva alimtazama mjukuu wake, halafu akamrudisha kwa mama yake.

"Nilikukosea," alisema polepole. "Mpe ziwa."

Kioko alisitasita, akalishika, akanyonya mpaka usingizi ukamchukua. Kalondu alishusha pumzi.

Kesho yake kulikuwa na pilipili zilizobaki. Munyiva alileta mifuko ya nailoni, akamfunga Kalondu mikononi yeye mwenyewe. Kisha akambeba Kioko mgongoni.

"Wewe pasua tu," alisema. "Leo mtoto niko naye mimi."