Mchumba Wangu Aliiba Mchoro Wangu wa Vijia vya Maji, Nikanyamaza

"Huu mchoro ni wangu," mchumba wangu akasema mbele ya kikao kizima.

Jamani… ulikuwa wangu mimi!

Nilikaa viti viwili tu kutoka kwake. Sikulia, sikufoka. Nilikufa ganzi, nikabaki natazama ile mistari ya bluu iliyomulikwa ukutani, niliyohangaika nayo kwenye kompyuta miezi miwili.

Niwaeleze. Kiwandani tunatengeneza vifuniko vya ndoo. Plastiki ya moto inamiminwa kwenye moldi ya chuma, na ndani ya hicho chuma kuna vijia vya maji ya kuipoza. Kazi yangu ni kuchora hivyo vijia. Na bosi alishasema, atakayechora vizuri moldi hii mpya ndiye atakuwa mkuu wa wachoraji.

"Hongera, kijana!" bosi akampigia makofi.

Sasa sikilizeni… Kaiba faili la zamani kwenye kompyuta yangu! Humo kijia kimoja kilipita katikati ya tundu la pini inayosukuma kifuniko kitoke. Mimi nilisharekebisha kwenye faili jipya, yeye hajui.

Nikasema moyoni, acha ajimalize mwenyewe.

Wiki tatu chuma kinatobolewa, nimenyamaza tu. Na anayetoboa ni nani? Baba yangu mdogo! Fundi aliyenilea, akaniingiza hapo kiwandani. Ilikuwa moldi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, nami kila siku nampelekea chai pale kwenye mashine.

Siku ya majaribio wakafungulia maji… yakaruka kupitia tundu la pini, mashine yote chapachapa!

"Nani kaharibu?"

Mchumba wangu hata kope hakupepesa.

"Fundi, bosi. Mzee macho yamechoka, katoboa ovyo."

Baba mdogo akainamisha kichwa, akaanza kuomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka.

"Hajakosea, kafuata mchoro. Mchoro ni wangu, na huo ni wa zamani, una kosa. Uliosahihishwa huu hapa."

Bosi akafungua mafaili yote mawili. Jina langu, tarehe, kila kitu kipo. Mchumba akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, cheo nikapewa mimi.

Mnashangilia, eti? Ngojeni kwanza.

Jioni baba mdogo akaja mezani kwangu.

"Ulijua tangu lini, mwanangu?"

"Tangu… kikaoni."

"Kumbe. Zile chai ulizokuwa unaniletea pale kwenye mashine, ulikuwa unaniangalia natoboa makosa?"

Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Mimi nilidhani unakuja kuniaga kwenye kazi yangu ya mwisho."

Akavua ovaroli, akaikunja, akaiacha juu ya kiti. Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile, simu yangu hapokei.

Cheo ninacho. Kila asubuhi nawasha kompyuta, nachora, narudi nyumbani, sisikii furaha wala uchungu.

Ndugu yangu unayesoma, ukiibiwa sema siku hiyo hiyo. Mimi nilimtegea mwizi, nikamnasa aliyenilea.