Seli za Chini ya Ardhi

Kila asubuhi Shushushu alipiga pasi sare yake huku mama akifunga kamba za buti. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, maana binti huyo hapitwi na jambo: mlango ukilia, anachungulia, simu ikiita, masikio yanasimama. Mama alikuwa mtafiti katika mgodi wa zamani wa chumvi. Chumvi yenyewe ilishaachwa kuchimbwa. Sasa huko chini kunafanyika nini? Kila alipoulizwa, mama alijibu, "Kazi tu, mwanangu."

Jumatatu moja simu iliita.

"Nini? Seli za chini hazijapewa chakula tangu jana?" mama alimaka. "Zitanifia! Zile mbaya zitenge. Na mtu yeyote asifungue mlango!"

Shushushu nusura aunguze sare. Seli! Neno hilo alilijua vizuri. Mjomba wake aliwahi kulala seli ya polisi siku mbili kwa kupigana sokoni, akatoka amekonda. Kumbe mama anafungia watu chini ya ardhi, tena wanalala na njaa!

Tangu hapo kila kitu kilimtia shaka. Mbona mama hunawa mikono mara tatu? Mbona Babu Lifti, mzee anayeteremsha watu mgodini, hukagua mifuko ya kila mtu? Jumanne alipompelekea mama miwani aliyoisahau, alitumbukiza karatasi isiyo na jina katika sanduku la maoni pale getini: "Kuna watu wamefungwa huko chini na wana njaa. Wasaidieni."

Jumatano mama alirudi mapema, macho mekundu.

"Kuna mtu ametia karatasi ya uongo katika sanduku la maoni, na meneja amesimamisha lifti mpaka mkaguzi aje keshokutwa," alisema. "Seli zangu hulishwa kila siku. Mpaka hapo zimekwisha. Miaka miwili ya kazi, hivi hivi! Ni Babu Lifti tu. Juzi nilimkaripia kwa kuchelewa, kumbe aliweka moyoni. Nimemwambia meneja, naye amesema kesho asirudi kazini."

Shushushu alirudisha tonge sahanini. Babu Lifti, anayemtania kila akimwona: "Afande, leo umekuja kumkamata nani?"

"Mama," alisema, "ile karatasi niliandika mimi. Nilisikia unafunga watu kwenye seli."

Mama alimkodolea macho. Akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio. "Wewe mtoto! Seli ndizo zile chembe hai mnazosoma shuleni!"

Walitoka mbio. Meneja alikuwa angali ofisini, na Babu Lifti alikuwa akikusanya kofia na chupa yake ya chai. Shushushu alieleza yote mwenyewe, machozi yakimtiririka. Meneja alikuna kichwa, kisha akaamuru lifti iwashwe.

Babu Lifti aliwateremsha. Chini, kati ya kuta nyeupe za chumvi, mama aliziongezea sahani ndogo za kioo maji ya chakula. Seli zilikuwa bado hai.

"Mawe, udongo, hata hewa, vyote hutoa mionzi kidogo sana," alimweleza binti yake. "Hapa kuta za chumvi zimezuia karibu yote, ndiyo maana hata jiwe la mfukoni haliruhusiwi. Tulidhani seli zikiikosa zitanawiri. Mbona hizi zinasuasua, kama zimesahau kujitibu? Na hizi mbaya, za saratani, zitakua upesi au taratibu? Bado hatujui."

"Kumbe nawe unashuku?"

"Kila siku. Lakini nikishuku napima, nauliza, ndipo nasema—" Mama alikatiza. Alimgeukia Babu Lifti. "Nisamehe, mzee wangu. Kwako sikupima wala sikuuliza."

Mzee alivua kofia yake.

"Nimeumia, sitaficha," alisema. "Miaka kumi na tisa nateremsha watu hapa. Kushuku si kosa. Kosa ni kumhukumu mtu kabla hujamuuliza, na hilo mmelifanya nyote wawili. Lakini wewe, Afande, umesema kweli huku unaogopa, na leo umeniokoa mimi na hizo sahani. Siku nyingine ukisikia nusu ya jambo, njoo uulize nusu iliyobaki."

"Nimekusikia, babu. Nisamehe."

"Haya, tupande," alisema akifungua mlango wa lifti. "Lakini kwanza nioneshe mifuko. Wewe sikuamini bado."

Shushushu alicheka huku akifuta machozi, akaigeuza mifuko yake yote miwili.