Bonde Lisilo na Sauti

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku na mdogo wake Kitinda walipeleka taulo safi kwenye bafu za chemchemi ya maji moto, alikofanya kazi mama yao. Chiriku lilikuwa jina la utani tu. Alipewa kwa sababu alikuwa haishiwi maneno.

Njia iliyoruhusiwa ilizunguka kilima kizima. Ya mkato ilikatiza kibonde ambacho askari wa msitu alikuwa amekizungushia kamba nyekundu. Chiriku alishapita humo mara kadhaa akiwa peke yake, na hakupatwa na lolote. Mama alipouliza, alijibu bila kupepesa macho kwamba amezunguka.

Asubuhi ile walikuwa wamechelewa. Ukungu ulilala juu ya miti, na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

"Tupite hapa," Chiriku alisema akiinua kamba.

"Mama alikataza."

"Mama hatuoni. Twende."

Walipoanza kushuka, walisikia ndege, nyenje, na maji yakitokota kwa mbali. Hatua chache chini, sauti zote zikakatika, kana kwamba kuna aliyefunga mlango nyuma yao. Juu ya majani makavu walilala vipepeo, mabawa yametandazwa, hata mmoja haruki. Kando yao alikuwepo kindi aliyelala ubavu, macho wazi, mwili hauna jeraha.

"Dada, huyu amelala?" Kitinda aliuliza, akachuchumaa kumtazama.

"Mwache. Njoo."

Kitinda hakuja. Alikaa chini taratibu, kisha akajilaza karibu na yule kindi. Chiriku alidhani anataniwa. Alipoinama kumshika mkono, kifua kilimbana na masikio yakaanza kuvuma. Akajiinua, akapata nafuu. Hapo nywele zikamsimama: pale chini kulikuwa na kitu, nacho hakionekani. Akavuta pumzi ndefu, akaizuia, akainama tena na kumnyakua mdogo wake. Alipanda naye akijikwaa mpaka nje ya kamba. Taulo zilibaki kule kule.

Kitinda alifumbua macho, akatapika.

"Usimwambie mama," Chiriku alinong'ona. "Tutasema ulianguka."

Walipofika kwenye bafu, mama alimpokea Kitinda mikononi. "Mbona midomo imekuwa ya kijivu? Umefanya nini, mwanangu?"

"Ameanguka," Chiriku alidakia. "Taulo nazo zimeingia matopeni."

"Basi ni baridi hii. Ngoja nimlaze chumba cha mvuke, apate joto."

Mama alifungua mlango. Mvuke mzito ukatoka, ukawafunika magoti. Kitinda alikuwa anasinzia tena, kichwa kinamlegea begani mwa mama, vile vile kama kule bondeni. Chiriku alimshika mama mkono.

"Mama, usimwingize humo," alisema mwishowe. "Nimekudanganya. Tumepita ndani ya kamba."

Mama hakugomba. Aligeuka, akatoka mbio na mtoto kifuani mpaka zahanati. Muuguzi alimwekea Kitinda mpira wa oksijeni puani, na kufikia mchana alikuwa anadai chai.

Jioni, askari wa msitu aliwapeleka Chiriku na mama yake kwenye ile kamba. Alifunga nyasi kavu kwenye ncha ya fimbo ndefu, akaziwasha, akaziteremsha bondeni. Moto ulizimika kama uliobanwa kwa vidole. Moshi haukupanda, ulitandaa chini, ukatulia.

"Ni hewa inayotoka ardhini, kama yale maji moto," alisema. "Haina rangi, na ni nzito. Siku isiyo na upepo hujaa humu kama maji kwenye beseni, na aliye mfupi ndiye huzama kwanza. Siku ulizopita salama, upepo ulikuwa umeifagia."

"Nisamehe, mama," Chiriku alisema. "Mimi ndiye niliyemwingiza."

Mama alimshika bega. "Kuvuka kamba umekosa, na adhabu utaipata. Lakini nusura nimfungie mdogo wako kwenye mvuke kwa sababu ya maneno yako. Ukiniambia kweli, hata ile ya kukuaibisha, najua nikusaidieje. Ukinidanganya, nahangaika na ugonjwa ambao haupo, na mgonjwa ananifia mikononi."

Chiriku alitazama moshi uliolala bondeni bila kusogea, kisha akamfuata mama yake kwenda kumchukua Kitinda.